Wakurugenzi Wetu Wafundishwe Kuusoma Mto



Miji yetu ya nyanda za juu za Kigoma inakua. Anayeingia Kasulu kwa barabara ya Kibondo huona nyumba za matofali ya kuchoma zikipanda vilima, na wakati wa kiangazi huona tanuru za matofali zikifuka moshi mabondeni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika Mkoa wa Kigoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya 340,000, na kila mmoja anahitaji nyumba, maji, kuni au mkaa, na mahali pa kutupa taka.

Kazi ya kupanga mambo hayo tumewakabidhi wakurugenzi wa halmashauri na maofisa wao. Kasulu ina Halmashauri ya Mji. Kibondo mjini pako chini ya Halmashauri ya Wilaya. Mara nyingi tunasikia kwamba watendaji hao wanahitaji mafunzo ya mazingira. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunakubali kwamba wanayahitaji. Lakini tunauliza: wafundishwe nini, wafundishwe wapi, na nani abaki na elimu hiyo mkurugenzi akihamishwa?

Tofali moja, ofisi tano

Tuchukue tofali. Udongo wake unachimbwa bondeni, kwa sababu huko ndiko udongo wa mfinyanzi na maji ya kukandia vinakopatikana. Kuni za kulichoma zinatoka kilimani. Kilima kikibaki kitupu, mvua haipati nafasi ya kuzama ardhini. Inateremka kwa kasi, inachimba makorongo, na udongo mwekundu unaingia mtoni. Miaka michache baadaye chemchemi iliyokuwa ikitoa maji mwaka mzima inaanza kukatika mwezi wa Agosti. Akina mama wanaongeza mwendo na ndoo zao kichwani.

Sasa tutazame ofisini. Ofisa misitu anahusika na miti. Ofisa ardhi anahusika na viwanja. Ofisa afya anahusika na taka. Mhandisi anahusika na mitaro. Mamlaka ya maji inahusika na bomba. Kila mmoja ana bajeti yake na taarifa yake ya robo mwaka. Chemchemi ikikauka, wote watano wanaweza kuonyesha kwa haki kabisa kwamba walitimiza wajibu wao. Hakuna aliyezembea, na maji hayapo.

Hapo ndipo mkabala wa mfumo ikolojia unapohitajika. Maana yake si ngumu. Kilima, msitu, bonde, mto, soko, choo na binadamu ni sehemu za kitu kimoja kinachofanya kazi pamoja, na anayetawala sehemu moja bila kuangalia nyingine anaharibu zote. Mei 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai zilikutana Nairobi, jirani zetu hapa, zikapitisha kanuni 12 za mkabala huu. Kati yake tunataja tatu: maamuzi yashushwe hadi ngazi ya chini inayofaa, wanaosimamia eneo moja wafikirie madhara yanayofika eneo la jirani, na elimu ya wenyeji ihesabiwe pamoja na ya wataalamu.

Mwezi mmoja kabla ya mkutano huo, Aprili 2000, Tanzania iliingiza ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ilikuwa ya kwanza kwa nchi yetu, na ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Mto Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unapita upande wa Kibondo, unaingia kwenye ardhioevu hiyo, kisha unageuka kuelekea magharibi. Ukifika Uvinza unaupokea Mto Ruchugi unaoteremka kutoka upande wa Kasulu, na kwa pamoja maji hayo yanakwenda Ziwa Tanganyika. Udongo wa Kasulu na udongo wa Kibondo hukutana Uvinza, hata kama wakurugenzi wa pande hizo mbili hawajawahi kukaa meza moja kuuzungumzia mto huo.

Busara hufundishwa vipi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka busara kuwa fadhila ya pekee ya anayetawala. Anaeleza pia kwamba busara ina sehemu zake: kumbukumbu ya yaliyopita, utayari wa kufundishwa na wengine, kuona mbele, na kutazama mazingira ya jambo pande zote. Tukizisoma sehemu hizo darasani tunaona kwamba hakuna hata moja inayopatikana kwa kusikiliza mihadhara peke yake. Kumbukumbu ya bonde la Kasulu iko kwa mzee anayejua mto ulifika wapi mwaka wa mvua nyingi. Kuona mbele kunamtaka mtu asimame kilimani aone viwanja vinapoelekea.

Nchi yetu ina vyuo vizuri. Tuna Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo, Dodoma, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Hatuvidharau. Tunachosema ni kwamba semina ya siku tatu katika ukumbi wa hoteli ya mjini mbali, yenye cheti mwishoni, haiwezi kumpa mkurugenzi macho ya kuuona Mto Ruchugi.

Dar es Salaam ilitangulia kujaribu. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Maofisa wa jiji, wataalamu, wafanyabiashara na wananchi waliwekwa katika vikundi kazi, kila kikundi kikashughulikia tatizo moja linalogusa idara nyingi: taka ngumu, maji taka, maeneo ya wazi na kadhalika. Njia hiyo ilipelekwa baadaye katika miji mingine, ikiwemo Mwanza na Zanzibar. Lilikuwa wazo zuri. Lakini mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Tume ya Jiji ikaongoza hadi 2000. Muundo ukibadilika na watu wakibadilika, ni vigumu elimu kubaki mahali pake.

Na Mto Msimbazi haukusubiri. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kuishia baharini karibu na Daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko jijini yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Leo mabilioni ya shilingi yanatafutwa na kutumika kulirekebisha bonde lile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kasulu na Kibondo bado ziko kwenye ufa, na hiyo ni nafasi ambayo Dar es Salaam haina tena.

Kambi nayo ni mji

Hatuwezi kuzungumzia mazingira ya Kasulu na Kibondo bila kutaja kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Mwaka 2015 walikuja Warundi wengi, Nyarugusu ikapita watu laki moja, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa tena. Kambi ya watu laki moja ni mji mkubwa, ila mji huo hauna mkurugenzi. Wakimbizi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani na mashirika. Msitu uko chini ya ofisi nyingine. Kijiji cha jirani kiko chini ya halmashauri.

Baadhi yetu tunasema haraka kwamba wakimbizi wamemaliza miti. Tunaomba tufikiri vizuri zaidi. Anayepewa maharage makavu na unga lazima awe na moto. Aliyepanga mgao wa chakula bila kupanga nishati ya kukipika alikuwa tayari ameupangia msitu kazi hiyo. Kosa la namna hii halisahihishwi kwa kumlaumu mama aliyebeba mzigo wa kuni. Linasahihishwa na watawala waliofundishwa kuhesabu chakula, kuni, msitu na maji kwa pamoja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, lazima mapokezi yapangwe.

Tunapendekeza mambo matatu

Kwanza, darasa liwe bondeni. Wakurugenzi na wakuu wa idara wa Kasulu, Kibondo na wilaya nyingine za bonde moja wafundishwe pamoja, wakiwa na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika na wasimamizi wa kambi. Waufuate mto kwa miguu. Waone kwa macho sheria inavyovunjwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi tunaijua sheria hiyo. Anayepima mita hizo kwa hatua zake, akakuta katikati yake tanuru, choo na shamba la mahindi la mjane mwenye watoto wanne, ndiye atakayeelewa kwamba sheria peke yake haitoshi bila mpango wa riziki.

Pili, wafundishwe wanaobaki. Mkurugenzi huteuliwa na huhamishwa; huo ndio utaratibu. Mwenyekiti wa mtaa, wajumbe wa jumuiya ya watumia maji, mafundi matofali na walimu hawahamishwi hivyo. Mafunzo yakimgusa mkurugenzi peke yake, yataondoka naye kwenye gari la uhamisho. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliifafanua mwaka 1931: linaloweza kufanywa na ngazi ya chini lisinyakuliwe na ngazi ya juu, bali ngazi ya juu isaidie. Kanuni ya Nairobi kuhusu maamuzi ya ngazi ya chini inakwenda njia hiyo hiyo.

Tatu, makabidhiano ya ofisi yawe pia makabidhiano ya bonde. Mkurugenzi anayeondoka anakabidhi magari, fedha na majengo. Akabidhi pia daftari la chemchemi: zipo ngapi, ipi imepungua, ipi imezingirwa na viwanja, nani analinda.

Atasema mtu kwamba mji unahitaji kwanza barabara, taa na soko, miti itafuata. Tunaelewa hoja hiyo. Hatutaki Kasulu ibaki gizani. Lakini mtaro wa barabara usiojua maji yake yanakwenda wapi huwa korongo jipya, na soko lisilo na maji huwa chanzo cha kipindupindu. Barabara na soko vinahitaji bonde zima ili vidumu.

Nasi waamini tufanye nini?

Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 alifundisha juu ya ikolojia fungamani: kilio cha dunia na kilio cha maskini visitenganishwe. Mafundisho hayo hayawahusu wakurugenzi tu. Kamati za ujenzi za parokia na vigango zinapopanga kuchoma matofali, ziulize kuni zitatoka wapi na nani atapanda miti mingine. Tofali la kufyatua kwa saruji kidogo, lisilochomwa, lipewe nafasi pale fedha inaporuhusu. WAWATA wanajua chemchemi kuliko ofisi yoyote. Sauti yao ifike kwenye vikao vya kata. VIWAWA wana nguvu ya kutunza miche kwenye vyanzo vya maji, na kuitunza ni kazi ya miaka, si ya siku moja ya picha.

Kanisa huadhimisha Kipindi cha Kazi ya Uumbaji kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kwetu Kigoma huo ni mwisho wa kiangazi, chemchemi ziko chini kabisa na mvua hazijaanza. Hakuna wakati bora wa kuona ukweli wake. Tunaziomba parokia za Kasulu na Kibondo zichague siku moja katika kipindi hicho, zimwalike mkurugenzi, mwenyekiti wa mtaa, mzee anayekumbuka na fundi wa matofali, watembee pamoja kutoka sokoni hadi kwenye chanzo cha maji ya mji wao. Waende na daftari.