MTOTO ANAKIMBIA VIZURI? MWACHE NA MGUU WAKE (Sehemu ya 5)

Mama zangu wa Nyamisangura! Tangu mazoezi ya UMISSETA yaanze naulizwa sana: "Nesi, nimnunulie raba, au akimbie peku?" Wengine mnaniletea video za kumfundisha mtoto kutua kwa vidole.

Msimamo wangu: kama hana maumivu, usimbadilishe ghafla. Raba mpya wiki ya mashindano mimi siiti zawadi.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walitoa utafiti uliohusisha vijana wa Bonde la Ufa, Kenya. Waliokulia peku wengi walitua kwa mbele ya unyayo, waliozoea viatu wakatangulia kisigino. Kisigino kikigonga kwanza, kishindo chake kinaweza kufika mara tatu ya uzito wa mwili. Basi watu wakapiga kelele, vueni viatu! Jamani, subirini. Mwaka 2013 Wadaasanachi wa kaskazini mwa Kenya, nao peku, wakapimwa: kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Sasa nani anakosea?

Ukimlazimisha kutua kwa mbele, mzigo hauishi, unahamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Na kwa mtoto anayekua, pale kano inapovuta mfupa bado ni laini. Ndiyo maana kisigino au chini ya goti huuma. Akitaka kubadili, iwe kidogo kidogo, kwa wiki nyingi.

Ila akichechemea, au ukibonyeza ugoko anaruka sehemu ile ile moja, au maumivu yanamwamsha usiku, usimwambie "unakua tu". Mpumzishe, mlete kituoni.

Na binti anayekimbia akakosa hedhi miezi mitatu? Najua wazo lenu la kwanza, na fimbo ishashikwa. Kipimo cha mimba kifanyike, sawa. Kikitoka hasi msiondoke! Mwili unaokimbia sana na kula kidogo huzima hedhi, na mifupa hudhoofika hadi kupata ufa. Muulizeni alikula nini kabla ya mazoezi. Mara nyingi ni chai ya rangi, basi.

Wala sisemi aache kukimbia. Mkoa wetu huu ndio uliomtoa Suleiman Nyambui wa Majita, medali ya fedha mita 5,000, Moscow 1980. Kesho tuongelee uji wa asubuhi.