Mpox: tusingojee chanjo ya Kinshasa
Mpox ya aina mpya ilionekana Kamituga, muji ya wachimba zahabu mu Kivu ya Kusini, mwezi wa 9 mwaka 2023. OMS ilitangaza hatari ya dunia tarehe 14/8/2024. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5/9/2024. Mwaka muzima!

Sisi wa sindika tunasema: wa kwanza kuona ugonjwa ni watu wa shimoni na mama wanaotwanga mawe. Basi kila shimo ipate reko wake, mai na sabuni. Na mgonjwa apewe posho wakati anapumzika. Baba mwenye kukosa chakula ya watoto ataficha vidonda, atashuka tu. Hiyo, ma PDG wa mashimo na kampuni waipange sasa, mbele ugonjwa ingine ifike.