Vital Kamerhe: kupanda na kushuka kwenye kivuli cha Rais

Mwezi Septemba 2025, Vital Kamerhe alijiuzulu kwenye uongozi wa Bunge la taifa mjini Kinshasa, huku hoja za kumwondoa zikiwa mezani. Ni mara ya pili kuacha kiti hicho. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2009, wakati wa Joseph Kabila, baada ya kulaumu hadharani kuingia kwa jeshi la Rwanda katika Kivu bila Bunge kujulishwa.

Lakini anguko lake kubwa ni la 2020.

Novemba 2018, jijini Nairobi, Kamerhe alimwachia Félix Tshisekedi nafasi ya kugombea urais. Kwa makubaliano yao, angekuwa waziri mkuu. Kwa kuwa kambi ya Kabila ilibaki na wingi bungeni, alipewa kuongoza ofisi ya Rais. Hapo ndipo alisimamia programu ya siku 100: barabara, madaraja na nyumba.

Tarehe 8 Aprili 2020 alipelekwa gereza la Makala. Kesi ilionyeshwa kwenye televisheni, na nchi nzima ikafuata. Jaji Raphaël Yanyi alikufa kesi ikiendelea. Serikali ilisema aliuawa. Juni 2020, Kamerhe alihukumiwa miaka 20 ya kazi ngumu, kwa wizi wa karibu dola milioni 50 zilizokuwa za nyumba. Juni 2022, korti ya rufaa ilimwondolea hatia. Mwaka 2023 akawa naibu waziri mkuu, na Mei 2024 akarudi kuongoza Bunge.

Historia hiyo inaonyesha jambo moja: katika siasa yetu, nguvu ya kiongozi haitoki kwenye cheo chake. Inatoka kwenye maelewano yake na Rais. Kamerhe ana chama chake, UNC, na wapiga kura wake Bukavu, lakini havikumkinga 2020. Na mwaka 2025 aliondoka katika Bunge ambalo kambi ya Rais ina viti vingi.

Hukumu ya kwanza ilisema pesa iliibiwa. Ya mwisho ilisema Kamerhe hana hatia. Wanasiasa wanaweza kupatana na kufungua ukurasa mwingine. Lakini askari na raia walioahidiwa nyumba, wao wamwulize nani?