Tabibu Asiyekuona



Mwaka huu wenzangu wengi wameandika juu ya dawa za kulevya na usafi wa mazingira. Sina ugomvi nao, lakini kalamu yangu imeelekea kwingine. Nataka tuzungumze juu ya mama na dada zetu waja wazito, hapa hapa Likoni na kule Kisauni na Changamwe, ambao siku hizi wakiumwa hawamwulizi mkunga wala daktari, bali humwuliza mtu wasiyemjua, aliye ndani ya simu. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae: mtu akikupa dawa kabla hajakuuliza swali hata moja, huyo hakutibu, anabahatisha. Na kwa mja mzito anabahatisha na roho mbili.

Nitaeleza. Binamu yangu anayekaa Mtongwe alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi saba. Akaanza kuumwa na kichwa kisichosikia dawa. Miguu ikajaa, na pete ikakataa kutoka kidoleni. Alikuwa katika kikundi cha WhatsApp cha akina mama watarajiwa, watu zaidi ya mia mbili, wengine wako Nairobi, wengine Dar es Salaam, wengine Uarabuni walikokwenda kufanya kazi. Akaandika shida yake humo. Majibu yakamiminika kama mvua ya masika! Mmoja akasema, "Hiyo kawaida mamii, hata mimi nilivimba." Mwingine akamwambia anywe ndimu kwa maji ya uvuguvugu. Wa tatu akamwuzia unga wa majani, ati wa kusafisha damu, kwa shilingi 1,500, ukaletwa mpaka mlangoni na bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza: una miezi mingapi? Macho yanaona sawasawa? Presha ulipimwa lini?

Siku ya nne shangazi akapita kumjulia hali. Alimtazama kidogo tu, akasema, "Mwanangu, uso huu si wako. Inuka twende." Huko zahanati muuguzi alimfunga mkanda wa presha hata kabla hajatulia kitini. 170 kwa 110. Mkojo nao ukaonyesha protini. Usiku huo huo akavushwa feri kupelekwa hospitali kubwa kisiwani. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, kilo moja na nusu, akalelewa wiki kadhaa kifuani mwa mamake, ngozi kwa ngozi, kama kitoto cha kangaruu. Wote wawili ni wazima, Alhamdulillahi. Unga ule bado uko kabatini, na aliyeuuza hapatikani tena kwa simu.

Maradhi yale yana jina. Presha ya mimba ikipanda namna ile, hatima yake huweza kuwa kifafa cha mimba, yaani mama hukakamaa na kutupa mikono na miguu, na asipowahiwa hufa. (Mwalimu wa Bayolojia anisamehe nikiingilia shamba lake.) Aghalabu huanza baada ya wiki ya 20. Presha ikifika 140 kwa 90, wauguzi huanza kushtuka. Dalili zake ni kuumwa na kichwa sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, na maumivu chini ya mbavu. Lakini pia yaweza kupanda kimya kimya, mama asihisi lolote, ndiyo maana kliniki hupima presha na mkojo kila uendapo, hata ukiwa unacheka. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mja mzito aonwe angalau mara 8. Na dawa ya kuzuia kifafa hicho ipo, sindano ya magnesiamu salfeti. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti uliofanywa katika nchi 33 kwa akina mama wapatao 10,000, ukaonyesha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu au zaidi. Ndimu haikutajwa.

Sasa, wenzangu, tuwe waadilifu. Yule aliyesema "hata mimi nilivimba" hakusema uongo. Ni kweli alivimba, na ni kweli waja wazito wengi huvimba miguu na hawapatwi na neno. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mwongo unaweza kumkamata, lakini mtu mkweli anayekueleza habari za mwili wake, nawe ukazichukua kuwa za mwili wako, utamkamatia wapi?

Wazee wetu nao walikuwa na washauri wasiosoma vitabu. Bi mkunga wa mtaani hakuwa na mkanda wa presha, na simtetei kwa kila jambo, maana wako waliofia mikononi mwa wakunga. Lakini alikuwa na kitu ambacho mtu wa simu hana. Alikuona. Alikugeuza kope, akakubonyeza mguu, akakuuliza ulichokula na jinsi mamako alivyokuzaa wewe. Na mambo yakiharibika, alikutana na watu wenu matangani, hakuwa na pa kujificha. Yule wa simu hubonyeza kidude kimoja tu akatoweka.

Kuna watakaosema, "Mbona hata madaktari hukosea?" Naam, hukosea. Mwaka 1957 dawa ya thalidomide iliingia madukani huko Ujerumani Magharibi, ikasifiwa kuwa haina madhara, na waja wazito wakaitumia kwa usingizi na kichefuchefu. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na madhara yake, wengi wakiwa na mikono na miguu mifupi mno. Lakini tazama ilivyogunduliwa. Daktari mmoja wa Hamburg, Widukind Lenz, aliwaendea akina mama, akawauliza mmoja mmoja walikuwa wamemeza nini na lini. Novemba 1961 dawa ikaondolewa nchini humo. Kosa la madaktari lilifichuliwa na daktari aliyejua kuuliza. Kikundini mwa binamu yangu, nani atarudi kuwauliza waliokunywa unga ule?

Lakini lawama zote tusiwatupie watu wa simu. Kwa nini msichana amkimbilie mgeni ilhali kliniki iko jirani, Mrima kwa sisi wa Likoni, Port Reitz kwa watu wa Changamwe? Mimi nina jibu, na huenda lisiwapendeze wakubwa. Ni kwa sababu mgeni humwambia "pole mamii." Kuna kliniki ambazo neno hilo ni adimu. Dada mmoja jirani yetu alikaa foleni tangu alfajiri, alipofika mbele akaulizwa kwa sauti, watu wote wakisikia, alikuwa anatafuta nini kwa wanaume na umri ule. Alirudi nyumbani na hakwenda tena mpaka uchungu ulipomshika. Nawajua wauguzi wapole pia, na najua wanavyochoka, mmoja kwa wagonjwa hamsini. Hata hivyo, ulimi mkali nao ni maradhi, na unawafukuza hasa wale wadogo wanaohitaji zaidi kupimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wasichana 15 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini mwetu walikuwa wamewahi kushika mimba. Hao ni rika letu. Tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu msichana aliyejifungua arudi shule, lakini ni wangapi kati yetu tunaolijua hilo? Asiyelijua hujificha, na mwenye kujificha hana wa kumwuliza ila simu.

Simu yenyewe siichukii. Hapa Kenya kuna huduma iitwayo PROMPTS, ya shirika la Jacaranda Health, ambayo mama hutuma swali kwa ujumbe mfupi na hujibiwa, na akionekana yuko hatarini huelekezwa hospitali. Tena tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini kote, mikoba yenye mashine ya presha. Huyo ni mtu wa mtaa wenu. Anabisha hodi, anapima papo hapo, wala huvuki feri.

Nimemwomba mwalimu mlezi wa chama chetu amwalike muuguzi wa uzazi aje tuzungumze naye muhula ujao. Maswali yatiwe katika kisanduku kilicho karibu na maktaba. Usiandike jina lako.