Mzee Aulizwe Mwenyewe

Wasomaji wetu, mwezi huu twanena habari ya wazee waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa huu ni wa ubongo. Si uchawi, wala si uzee mtupu, maana wazee wengi huishi miaka mingi na akili zao ni timamu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2013, uliona kwamba katika wazee 100 wa miaka 70 na zaidi, wapata 6 wanao.

Huku Usukumani jambo hili ni zito. Bibi kizee akitangatanga usiku au akisema peke yake, watu hunong'ona uchawi. Na macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, yamewaletea vikongwe wengi kifo cha panga. Asiyeujua ugonjwa huu aweza kumwaga damu isiyo na hatia.

Lakini liko kosa jingine, la kimya, nalo limo hata katika nyumba njema. Mgonjwa ameketi pale pale, nasi twamwuliza mwanawe, "Amelalaje? Amekula?" kana kwamba mwenyewe hayupo. Twasema, Penye wazee haliharibiki neno. Mbona basi neno la mzee twalikata bila yeye?

Huko Uskoti, mwaka 2002, James McKillop, mgonjwa mwenyewe, alianzisha pamoja na wenzake chama cha wagonjwa, wapate kuwaeleza wakuu na waganga mahitaji yao. Mwaka 2003 Christine Bryden wa Australia, naye mgonjwa, aliingia katika baraza la chama cha dunia cha ugonjwa wa Alzheimer. Waliodhaniwa hawana neno wakawa washauri.

Basi na tufanye hivi. Tumwulize mzee neno moja moja, kwa sauti ya upole, kisha tungoje. Jibu lake huja polepole. Achague mwenyewe nguo yake, na mtu wa kumwogesha. Nanyi walimu, wakija watafiti na karatasi zao, mwaombe kwanza waelezwe wazee, nao wakubali au wakatae.

Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, Juni 2025, hatungoji tena kivuko ili kwenda hospitali ya Bugando. Mkifika mbele ya mganga, mzee aseme kwanza. Mtoto aongeze baadaye.