Maoni Yetu: Andika kazi, sifa waachie wengine

Kijana wa Boko anayetafuta kazi ya ofisini anaijua gharama yake. Nauli ya kufika Mwenge, nyingine ya kuunga hadi Posta au Masaki, bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, na mlinzi wa getini anayesema, "Iache tu hapa, watakupigia." Bahasha inalala kwenye meza ya mlinzi na simu haiiti. Ndiyo maana hatuwabezi waliohamishia msako wao LinkedIn. Kwa mtu anayekaa huku pembezoni, asiye na mjomba wizarani, mtandao ule unamfikisha mbele ya mwajiri bila kupanda daladala. Shida ni kile ambacho mwajiri anakikuta akifungua wasifu wake.

Chini ya jina la kila mtu pale kuna mstari mmoja mfupi. Una nafasi ya herufi 220, mapengo nayo yakihesabiwa, na unaandamana na jina karibu kila linapokwenda: kwenye orodha ya waliotafutwa, kwenye ombi la kuunganishwa, juu ya maoni yote unayotoa. Kwenye simu mara nyingi hukatwa njiani, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na maneno ya mwanzo. Usipouandika mwenyewe, mtandao unakujazia kutokana na ulichokieleza ulipojiunga, kama cheo chako na mahali ulipo. Matokeo yake utamkuta mtu aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita bado anatambulishwa kuwa mwanafunzi.

Wanaouandika wenyewe nao wana yao. "Mchapakazi mwenye ndoto kubwa." "Kijana mbunifu, mwenye shauku ya kuleta mabadiliko." "Mungu kwanza." Kumtanguliza Mungu hakuna ubaya wowote, lakini afisa rasilimali watu anayetaka mtunza stoo haandiki "shauku" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika jina la kazi, pengine na jina la cheti au la programu ya kompyuta anayotaka mtu awe anaijua. Asiyekuwa na maneno hayo kwenye wasifu wake anajipunguzia nafasi ya kuonekana, hata angekuwa fundi kuliko wote walioonekana.

Daladala la Bunju lina maandishi mbele na nyuma. Nyuma mwenye gari ameandika alichopenda, wosia, majigambo au jina la timu yake. Mbele imeandikwa njia, tena kwa herufi kubwa, kwa kuwa abiria aliyesimama Boko Magengeni saa kumi na mbili asubuhi anataka kujua gari linaelekea wapi. Vijana wetu wameyaleta mbele maandishi ya nyuma.

Halafu kuna wakurugenzi. Ukiperuzi wasifu za vijana wa Dar es Salaam utadhani kila nyumba ina Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Jina la kampuni halijafika kwa msajili, BRELA, TIN haipo, mfanyakazi ni yeye mwenyewe na simu yake. Anayefanya biashara ndogo aseme biashara yake, ni kazi ya heshima. Lakini anayetafuta ajira ya afisa masoko huku amejitangaza mkurugenzi anawafukuza waajiri wa aina mbili: mmoja atadhani hataki kuajiriwa, mwingine atadhani ni mwongo.

Kuna vyeo ambavyo si vya kujipachika. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 imeipa bodi yao, ERB, kazi ya kusajili wahandisi kwa madaraja, na mhandisi mhitimu hayuko daraja moja na aliyesajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Uhasibu nao una NBAA, na herufi CPA(T) ni za aliyefuzu mitihani na kusajiliwa, si za aliyebakiza masomo mawili. Aliyebakiza aseme yuko ngazi gani. Mwajiri makini huuliza bodi, na akikukamata kwenye mstari wa kwanza hana sababu ya kusoma wa pili.

Sasa tuangalie mstari wenyewe. Tuseme ni binti wa Basihaya mwenye diploma ya uhasibu, ambaye kwa miaka miwili ameshika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Bagamoyo. Ameandika: "Mhitimu wa uhasibu, natafuta fursa." Mstari huo unaweza kuwa wa yeyote kati ya wahitimu wote wa mwaka wake. Angeandika hivi: "Mhasibu msaidizi. Vitabu vya duka la rejareja, risiti za EFD, ritani za VAT, hesabu ya stoo kila mwezi." Hajaongeza chumvi hata punje, na mwenye duka kubwa la Tegeta akiusoma anajua Jumatatu atampa kazi gani. Miaka miwili ya dukani, ambayo yeye aliiona si kazi ya kutajwa, ndiyo inayomtofautisha na wenzake.

Kuhusu "natafuta kazi", mtandao una sehemu yake ya kuonyesha hilo, na unaweza kuchagua lionekane kwa wanaoajiri tu, ingawa wenye mtandao wenyewe hawatoi hakikisho kwamba bosi wako wa sasa hataliona. Vivyo hivyo kuhusu mahali unapoishi, pana nafasi yake. Isipokuwa wateja wako wako jirani. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aitaje leseni na daraja lake, aandike "Tegeta hadi Bagamoyo," maana anayejenga Bunju anataka fundi wa karibu.

Na lugha? Inategemea nani anakutafuta. Mashirika ya kimataifa na kampuni nyingi kubwa hutafuta kwa Kiingereza, basi wajibu kwa Kiingereza kilichonyooka. Fundi wetu wa Tegeta Kiswahili kinamtosha, tena kinampendeza. Tunachokataa ni Kiingereza cha kuokota chenye makosa ya tahajia kwenye mstari ambao kila mtu ataanza nao.

Tunajua jibu la mtaani: kazi ni konekshen, haya mengine ni mbwembwe. Hatubishi kwamba kufahamiana kuna nguvu katika nchi hii, wala hatudai kwamba mstari mmoja unazalisha ajira ambazo hazipo. Lakini jirani anayetaka kukusaidia huanza vipi? Anaulizwa kazini kwake, "Hamumjui mtu wa manunuzi?" Kama anachokifahamu ni kwamba wewe ni kijana mzuri wa kwa mama fulani, atanyamaza. Akiona "Afisa manunuzi, amesajiliwa PSPTB", yaani bodi ya fani hiyo, anasukuma wasifu wako palepale. Hata konekshen inataka kitu cha kusema juu yako.

Vyuo vina lawama yao. Vinamfundisha mwanafunzi miaka mitatu, vinamsimamia hadi ukurasa wa mwisho wa tasnifu, kisha vinamwachia mwenyewe kueleza mbele ya soko amejifunza nini. Saa mbili za muhula wa mwisho zingetosha kulishughulikia hili, na hazihitaji bajeti mpya. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kinaweza kulichukua pia na kulileta mpaka kata za pembezoni, Bunju ikiwamo.

Wewe usisubiri. Leo jioni mpe simu mtu wa nyumbani asiyejua fani yako, mwonyeshe mstari ule peke yake, kisha muulize unafanya kazi gani. Akishindwa kujibu, futa uandike upya.