Vidonge vya ujana na sagaa ya Kibomet

MZEE wa Kibomet, mjini Kitale, anayeshawishiwa kutoa pesa za mahindi anunue vidonge vya antioksidanti ili asizeeke upesi, angefaa kwanza ajue yaliyotukia Finland. Huko, utafiti uliotangazwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipatwa na saratani ya mapafu kuliko wenzao, kwa asilimia 18. Marekani ilisimamisha utafiti wa aina hiyo Januari 1996 baada ya kuona madhara yayo hayo.

Ajabu ni kwamba karotini imejaa katika sagaa, mnavu na mrenda, mboga zilizodharauliwa kuwa chakula cha maskini hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyetuzwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010, walipozitetea. Hakuna awezaye kuapa kwamba mboga hizo huzuia uzee. Lakini jani huja na nyuzi, madini na vitamini nyinginezo. Kidonge huleta dozi kubwa ya kitu kimoja.

Mapishi ya magharibi mwa Kenya nayo yana hekima. Sagaa hutiwa maziwa na kulazwa ili uchungu upungue, na mafuta ya maziwa husaidia mwili kufyonza karotini. (Kuichemsha mno na kumwaga maji, hata hivyo, hupoteza vitamini C.)

Tatizo ni shamba. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la taifa, na mahindi yameziachia wimbi na mboga nafasi finyu. Asiye na kishamba cha mboga hulazimika kuzinunua sokoni, kwa pesa zile zile zinazowindwa na wauza vidonge.